Kilatini cha upadrisho: namna ya kukisoma na kukielewa bila kupita seminari

Tumsifu Yesu Kristo! Kama umejibu "milele amina" kimoyomoyo basi somo limeshaanza, maana hiyo salamu yetu ni ile ile ya Kilatini, Laudetur Iesus Christus, ambayo Radio Vatikani wanaitumia mpaka leo. Tumeizoea kwenye jumuiya na kwenye simu mpaka tunaona imezaliwa hapa hapa.

Naandika hii kwa wanakwaya, makatekista, watumikiaji, kamati za upadrisho (ile ibada ya shemasi kupewa daraja la upadre), na yeyote ambaye kila mwaka mwezi wa sita wa saba anajikuta kwenye misa ya upadrisho anasikia maneno mawili matatu ya Kilatini, anatikisa kichwa tu. Mimi sio padre wala sijawahi kuwa frateri, yaani mseminari, ni mwanakwaya wa bass, na nilianza kujifunza kwa aibu. Parokia fulani tulikuwa tunaandaa upadrisho wa shemasi wetu, kamati ikaamua kwenye kitenge kiandikwe mstari wa zaburi kwa Kilatini, wakaniambia wewe si unaimbaga zile nyimbo, hebu tuandikie. Nikaandika kwa kujiamini kabisa TU EST SACERDOS IN AETERNAM, nikikusudia "Ndiwe kuhani hata milele". Kikachapwa. Siku yenyewe padre mmoja mzee mstaafu akasimama nyuma ya mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akasoma mgongo wake taratibu, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Makosa mawili kwenye maneno matano, na yote yangu. Nitayaeleza hapo chini kwasababu hayo makosa mawili ndo yalinifundisha sarufi kuliko kitu kingine chochote.

Sasa ushauri wangu wa kwanza: usianze na kitabu cha sarufi. Utakufa na majedwali ndani ya wiki. Anza na mdomo, yaani matamshi, na hapo Mswahili una bahati ambayo Mwingereza hana, vokali tano za Kilatini cha Kanisa ni zetu zile zile a e i o u, unazisoma kama zilivyo. Wenzetu wanahangaika miezi kuacha kusema "ei" na "ai", sisi tunafungua mdomo tu. Kinachobaki ni konsonanti chache za kukariri. C ikifuatwa na e au i inakuwa ch, kwa hiyo sacerdos ni sacherdos, pacem ni pachem, kwingine kote ni k. G ikifuatwa na e au i inakuwa j. GN ni ny yetu hii hii, Agnus Dei ni Anyus Dei, na hapa wanakwaya wengi wanasema "agnus" kwa g ngumu utadhani wanataja jina la Agnes. SC mbele ya e au i ni sh. TI ikifuatwa na vokali mara nyingi inakuwa tsi, gratia ni gratsia. AE na OE zote zinasomeka e. QU ni kw. H haisikiki, hostia inaanza na o, isipokuwa mihi na nihil ambazo kwa mazoea ya Kanisa zinasomwa miki na nikil. CH ni k, ndo maana Melchisedech anabaki Melkisedek. J au I mbele ya vokali ni y, Iesus ni Yesus.

Ukiwasikia wazee waliofundishwa na wamisionari Wajerumani wanasema "patsem" badala ya pachem usiwacheke, Wajerumani c yao ndo ilivyo. Chagua moja tu kwaya nzima mwende nayo.

Mitego yetu sisi ni mitatu. Wa kwanza kuongeza vokali mwishoni, "Dominusi vobiskumu", hapana, maneno ya Kilatini yanafungwa mdomo. Wa pili r na l, sitaki kutaja kabila la mtu ila "Groria" nimeisikia na nimeiimba. Wa tatu ndo mgumu: mkazo. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho siku zote, Kilatini wakati mwingine unarudi nyuma silabi moja zaidi, kwa hiyo ni DOminus sio doMInus, SPIritus sio spiRItus, ACcipe sio acCIpe. Vitabu vya liturujia vinakusaidia, vinaweka alama juu ya vokali yenye mkazo, Dóminus, Spíritus. Ukiona hiyo alama ipige hapo hapo na usibishane nayo.

Haya, tuje kwenye neno lenyewe, maana hapa pana utamu na pana mkanganyiko. Sisi tuna neno moja tu "padre", ambalo limetoka kwa Wareno na maana yake ni baba. Kilatini kina mawili tofauti na hayachanganywi ovyo. Kuna sacerdos, ambaye ni kuhani, mtoa sadaka, ndani yake unaona sacer yaani kitakatifu. Alafu kuna presbyter, neno la Kigiriki lililoingia Kilatini, maana yake mzee. Ndo wale wale wa Yakobo 5:14, mtu akiwa mgonjwa "na awaite wazee wa kanisa", kwenye Kilatini pameandikwa presbyteros ecclesiae, na ndo maana mpako wa wagonjwa anakuja padre sio mzee wa jumuiya hata kama huyo mzee ana mvi kichwa kizima.

Kwanini ujali tofauti? Kwasababu sacerdos ni neno pana. Askofu ni sacerdos, padre ni sacerdos, na taifa zima la wabatizwa tunaitwa regale sacerdotium, ukuhani wa kifalme, 1 Petro 2:9. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ukasema ukuhani wa wabatizwa na wa wenye daraja vinatofautiana kwa asili yake na sio kwa kiwango tu. Presbyter ni neno la padre peke yake, wa daraja la pili chini ya askofu. Kwahiyo hati ya Mtaguso kuhusu mapadre ya tarehe 7 Desemba 1965 inaitwa Presbyterorum Ordinis, haikuitwa Sacerdotum. Ukimsikia mtu anasema "sisi wote makuhani kwahiyo padre wa nini", tatizo lake liko hapo, amechukua sacerdos akasahau presbyter.

Na neno la tatu, ordo, ni safu au daraja, Warumi walilitumia hata kwa tabaka la maseneta wao. Waliotutafsiria wakasema Sakramenti ya Daraja Takatifu, na mimi napenda sana chaguo hilo kwa sababu ambayo sidhani walikuwa wanaifikiria: askofu kwa Kilatini anaitwa pia pontifex, na kwa maelezo ya zamani neno hilo linatoka pons, daraja la kuvukia, na facere, kutengeneza. Fundi wa daraja ndo anayetoa daraja. Mchezo huo wa maneno unawezekana Kiswahili tu.

Sasa kaa nami kwenye ibada yenyewe. Huku kwetu utaisikia kwa Kiswahili, ila toleo rasmi ni la Kilatini na ukifungua YouTube upadrisho wa Roma utalisikia neno kwa neno. Njia yangu ni hii: angalia video moja, simamisha kila baada ya jibu, andika ulichosikia kwa tahajia yako ya Kiswahili kwanza (shis, adsum, promito), alafu ndo utafute maandishi yake sahihi. Sikio kwanza. Ukianza na maandishi utasoma c kuwa k mpaka Pasaka nyingine.

Shemasi anaita, Accedant qui ordinandi sunt presbyteri, wasogee wanaopaswa kupewa daraja la upadre. Anayeitwa jina anajibu Adsum. Hilo neno ni ad na sum, "niko hapa", na wengi wao sauti inatetemeka hapo. Kisha padre mlezi anamwambia askofu kwamba Kanisa Mama Mtakatifu linaomba umpe daraja huyu ndugu yetu, na sikiliza Kilatini kinasemaje: ad onus presbyterii. Onus ni mzigo. Sherehe nje mahema yamepambwa, ng'ombe wameshachinjwa, MC anapasha maiki, humu ndani Kanisa linaomba mtu abebeshwe mzigo. Askofu anauliza Scis illum dignum esse? Unajua kwamba anastahili? Baadaye kwenye ahadi ya utii, Promittis mihi et successoribus meis reverentiam et oboedientiam? Unaniahidi mimi na waandamizi wangu heshima na utii? Anajibu Promitto.

Simama hapo hapo, hapo ndo sarufi inaingia bila kuumiza kichwa. Angalia mikia. Scis, unajua. Promittis, unaahidi. Es, wewe ni. Zote zinaishia na s, hiyo s ndo "u-" yetu. Promitto, naahidi, volo, nataka, hiyo o ni "ni-" yetu, na adsum m yake kazi hiyo hiyo. Est, scit, t ni "a-", yeye. Kiswahili kinaweka mtu mbele ya kitenzi, Kilatini kinamweka nyuma, basi. Sasa rudi kwenye kitenge changu: TU EST ni sawasawa na kumwambia mtu "wewe anaenda wapi". Ndo alichokuwa anacheka yule mzee. Ilitakiwa Tu es.

Kosa la pili, aeternam. Hii ni habari ya ngeli. Kilatini kina ngeli tatu tu (sisi tunazo lundo, kwahiyo usilalamike) na kivumishi lazima kikubaliane na nomino yake, huwezi kusema "mtu kizuri". Mimi hiyo aeternam niliitoa wapi? Kwenye Requiem aeternam, "raha ya milele uwape ee Bwana", pale requiem ni ya ngeli ya kike na kivumishi kinafuata. "Kwa milele" peke yake ni in aeternum. Kwa kifupi nilichukua mkia wa wimbo wa mazishi nikaubandika kwenye upadrisho.

Wakati wa Litania ya Watakatifu, mteule amelala kifudifudi, ukisikia Kyrie eleison jua hicho ni Kigiriki, Kilatini kinarudi kwenye Te rogamus, audi nos, twakuomba utusikie. Baada ya hapo kimya. Askofu anaweka mikono kichwani, mapadre wote wanafuata mmoja mmoja, hakuna neno. Wanakwaya wenzangu naomba sana hapo tuache kupiga kinanda.

Alafu sala ya kuweka wakfu. Ni ndefu, ila kiini chake kinaanzia Da, quaesumus, omnipotens Pater... presbyterii dignitatem. Uwape, twakuomba, Baba Mwenyezi, watumishi wako hawa hadhi ya upadre. Papa Pius XII tarehe 30 Novemba 1947 ndo alitamka rasmi kwamba kinachofanya sakramenti ni kuwekewa mikono pamoja na maneno haya, kabla ya hapo wanateolojia walikuwa wanavutana, wengine wanasema ni pale anapokabidhiwa kalisi, kikombe cha misa. Paulo VI mwaka 1968 akayabakiza, karibu yote vile vile. Umeona ni presbyterii? Mbele kidogo kuna secundi meriti munus, jukumu la daraja la pili. Ile tofauti niliyokwambia hapo juu imekaa katikati kabisa ya moyo wa ibada.

Akishavalishwa mavazi ya misa, stola na kasula (casula maana yake kijumba, inatoka casa, nyumba, na kweli padre mwembamba ukimwangalia anakaa ndani ya kijumba), anapakwa krisma, mafuta matakatifu, viganjani na askofu anasema Bwana Yesu te custodiat, akulinde. Hapa kuna kitu Mswahili atakifurahia. Custodit, anakulinda. Custodiat, akulinde. Umbo la matakwa linafanywa kwa kuchezea vokali ya mwisho, kama sisi tunavyofanya! Mfano ulio wazi kuliko wote ni amat na amet: anapenda, apende. A inakuwa e. Hata Laudetur ya mwanzo kabisa ndo hiyo hiyo, laudatur anasifiwa, laudetur asifiwe. Nilivyoligundua hili nilimpigia simu mwalimu wa kwaya saa nne usiku, hakufurahi kama mimi.

Mwisho anakabidhiwa patena (sahani ya hostia) na kalisi, na haya ndo maneno ninayoyapenda kuliko yote kwenye Kilatini cha upadre, yaandike ukutani: Accipe oblationem plebis sanctae Deo offerendam. Agnosce quod ages, imitare quod tractabis, et vitam tuam mysterio dominicae crucis conforma. Pokea sadaka ya taifa takatifu ya kumtolea Mungu. Tambua utakachofanya, iga utakachoshika, na maisha yako uyalinganishe na fumbo la msalaba wa Bwana. Soma kwa sauti: achipe, anyoshe, kwod ajes, kruchis. Sasa chukua tractabis uipasue. Tracta, shika. Bi, ta. S, u. Yaani ni u-ta-shika iliyogeuzwa kinyumenyume! Chukua kalamu ufanye hivyo na ages, utaona hiyo haina bi, kuna vitenzi vinafanya wakati ujao kwa kubadili vokali tu, hapo usikasirike, kariri uende.

Nje ya upadrisho kuna vifungu vitatu utakutana navyo kila mara. In persona Christi, katika nafsi ya Kristo. Usikipokee kama kaulimbiu, kifuate kwenye kiwakilishi: kwenye mageuzo, pale mkate na divai vinapogeuzwa, padre hasemi "huu ni mwili wake", anasema Hoc est enim corpus meum, mwili wangu. Kitubioni anasema Ego te absolvo, mimi nakuondolea. Hilo meum na hilo ego ndo in persona Christi yenyewe. Cha pili ni ex opere operato, kwa tendo lenyewe lililotendwa, maana yake sakramenti inafanya kazi kwa nguvu ya Kristo na haisubiri utakatifu wa padre, faraja kubwa kwetu ambao tumeshakutana na padre kaamka vibaya. Cha tatu Et cum spiritu tuo. Tungeweza kujibu "na wewe pia" ila Kilatini kinataja roho na Kiswahili chetu kikaibakiza, rohoni mwako, na mababa wa Kanisa kama Yohane Krisostomo walielewa hiyo roho kuwa ni ile karama aliyopokea kwa kuwekewa mikono. Angalia kigangoni, kwenye kanisa dogo chini ya parokia, Jumapili padre asipokuja: katekista anaongoza ibada vizuri tu lakini hasemi "Bwana awe nanyi". Sio kwamba amesahau.

Kama unajiuliza kwanini uhangaike wakati misa ni ya Kiswahili, Mtaguso wenyewe mwaka 1963 uliruhusu lugha za watu na hapo hapo ukasema matumizi ya Kilatini yahifadhiwe, na sheria ya Kanisa kanuni ya 249 inataka waseminari wakijue vizuri (wangapi wanakijua vizuri hiyo ni stori nyingine). Na tarehe 11 Februari 2013 Papa Benedikto XVI alitangaza kung'atuka kwa Kilatini mbele ya makardinali, na mwandishi mmoja wa shirika la habari la ANSA la Italia aliyekuwa anakielewa ndo akawahi kuirusha habari, wenzake wakiwa bado wanasubiri tafsiri.

Sasa kwa kamati, maana najua mmekuja kwa ajili ya motto ya kadi na kitenge. Msitumie programu ya kutafsiri kugeuza Kiswahili kuwa Kilatini, itawapa mikia ya ajabu kuliko yangu. Chagueni mstari wa Biblia kwanza kwa Kiswahili, alafu nendeni kwenye tovuti ya Vatikani mtafute Nova Vulgata, Biblia rasmi ya Kilatini ya mwaka 1979, mnakili kama ilivyo. Kwenye zaburi kuweni macho na namba: "Ndiwe kuhani hata milele" kwenye Biblia zetu ni Zaburi 110:4 ila kwenye Vulgata ya zamani ni 109, kuanzia ya kumi hivi mpaka karibu na mwisho zinapishana kwa moja. Mistari mifupi inayokaa vizuri kwenye kitambaa ni kama Duc in altum, tweka mpaka kilindini, Luka 5:4, Ecce ego, mitte me, mimi hapa nitume, Isaya 6:8, au Fiat voluntas tua, utakalo lifanyike. Msikate mstari katikati ili utoshe, mkikata mnaacha neno lina mkia unaoning'inia bila nomino yake.

Mkishapata mpelekeeni padre mmoja mzee ausome kabla ya kwenda kwa mchapaji. Na kwa mchapaji msitume meseji ya WhatsApp, simu inajirekebishia maneno yenyewe, andikeni kwa mkono herufi kubwa kwenye karatasi, pigeni picha, na mkifika dukani mwambieni akuonyesheni kwenye kompyuta herufi moja moja kabla hajabonyeza. Mimi vile vitenge vya kwanza bado ninavyo viwili, mama watoto anafungia mtoto.